Fundi Viatu wa Timu Yetu

Fundi viatu wa timu yetu hupokea kiatu kwa mikono miwili, kama anayepewa mtoto mchanga. Hukigeuza, hupitisha kidole gumba kwenye soli, huguna, ndipo anaposhika sindano. Si msemaji. Mimi nimefua jezi za timu hiyo miaka tisa, na tulipofungwa mechi ya sita mfululizo, viongozi wakasema mkosi ni wangu, mwanamke mwenye kisirani. Wakaitisha kikao wanifukuze. Fundi akaingia na viatu viwili, akaviweka mezani mbele ya kocha.

"Hiki cha mwanzo wa ligi. Meno ya mbele yamelika, vijana walikuwa wanashambulia. Hiki cha juzi, yamelika ya kisigino. Wanarudi nyuma tu, mwalimu, tangu ulipowaambia walinde goli. Sasa dada yangu na sabuni yake wamekosa nini?"

Watu wakaangua kicheko. Kocha hakucheka, lakini kazi yangu ninayo mpaka leo. Mungu amzidishie fundi yule. Kaka zangu wa tumbo moja walikuwa wameketi safu ya mbele kikaoni, kimya kama maji mtungini. Aliyeniita dada siku ile alikuwa mtu baki.