Kichwa Kilichosahaulika

Kila Jumatatu, mama anayetulelea watoto sebuleni kwake huwaketisha mmoja mmoja kwenye kigoda dirishani, akawachana kwa chanuo la meno membamba. Vidole vyake havina pupa. Utadhani anachambua mchele. "Tulia, mwanangu, namtafuta mgeni wako." Chawa huisha, wiki mbili hazipiti wamerudi, na sisi wazazi tunaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Juzi, nilipokwenda kumchukua, binti yangu, aliyezoea kusinzia begani kwake, alimuuliza, "Shangazi, wewe anakukagua nani?" Chanuo likasimama hewani. Mlezi akacheka mpaka machozi, akafungua kilemba, akajikunja kwenye kile kigoda, magoti kifuani, akanikabidhi chanuo. "Haya, mama, chambua. Ukiwakuta humu, tumepona."