Kura ya Ruskin Niliyokuta Imeshapigwa

Nilienda kuiba kura ya baba yangu, nikakuta mtu ameshaiiba.

Sitanii. Jumatano asubuhi niko kazini, hapa Toledo, Marekani, nikachomoa simu na kuingia kwenye akaunti ya viti vya mzee vya uwanjani. Kioo kikaniambia: akaunti hii imeshapiga kura. Jibu: NDIYO.

Nikazima simu, nikaiwasha tena. NDIYO ileile.

Ngoja niwaeleze. Timu yetu ya mpira wa Kimarekani, Wahunzi, ilikuwa inawauliza wenye tiketi za msimu swali moja tu. Jina la Javonte Ruskin liandikwe kwenye ukuta wa uwanja pamoja na magwiji wengine, au lisiandikwe?

Ruskin alikuwa mdakaji. Kazi yake ilikuwa kuchomoka mbio na kudaka mpira unaotupwa kutoka mbali, na sijaona wa kumfikia. Ila jeuri sasa. Aligombana na makocha watatu. Akifunga, lazima akate viuno mbele ya mashabiki wa timu pinzani. Halafu kwenye nusu fainali, tuko nyuma kwa pointi kumi, akavua jezi wakati wa mapumziko, akapanda gari, akaenda zake. Mpaka leo hajasema kwa nini.

Miaka kumi na miwili imepita na watu bado wanatoana macho.

Kila Jumapili ya msimu sisi tunafika kwenye maegesho ya uwanja saa mbili asubuhi, tunawasha jiko, tunachoma mbavu hadi mechi ianze. Baba yangu, mzee Roscoe, ndiye mkuu wa jiko. Jiko la jirani ni la Duane, fundi bomba, ambaye Ruskin kwake ni kama mtoto wa kumzaa. Wawili hao wamebishana mpaka wake zao wakaacha kuwasikiliza, na mmoja wao, yaani mama yangu, akafariki akiwaacha wanabishana.

Sasa mzee alikuwa ametangaza mbele ya watu: jina la Ruskin likipanda ukutani, anarudisha viti vyake vinne. Viti vya miaka thelathini na mmoja! Na kupiga kura hapigi, eti hawezi kujibu swali la kijinga.

Mimi Ruskin nampenda, siwaongopei. Lakini tangu mama aondoke, vile viti ndiyo mahali pekee mimi na mzee tunapoongea. Nyumbani tunaulizana hali ya hewa, basi. Ndiyo maana nilitaka kumpigia HAPANA kimyakimya.

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa dada yangu Latrice. Neno la siri analo.

Jumapili nikamvuta nyuma ya gari.

"Kwa nini umempigia mzee NDIYO?"

"Mimi?" akashangaa. "Nilikwenda kupiga HAPANA nikakuta imeshapigwa. Nikajua ni wewe na mapenzi yako."

Tukatazamana. Kisha wote tukageuka kumtazama mzee, aliyekuwa anapaka mbavu rojo kama hana habari.

Saa sita simu zikalia maegesho mazima. Ruskin kapita. Huku watu wanakumbatiana, kule wanatukana. Duane akaanza kukata viuno vya Ruskin, na kiuno chenyewe kibovu.

Mzee akageuza mbavu.

"Baba," nikasema, "viti unarudisha?"

"Nirudishe nina wazimu? Nilisema vile kwa sababu Duane alikuwa anasikia."

"Na kura?"

Akafunika jiko, akakiri. Kumbe Jumanne alikwenda mwenyewe dirisha la tiketi, akamwomba binti wa pale ampigie.

"Siku ile Ruskin alipoondoka," akasema, "hapa watu wote walichoma jezi zake. Mimi sikuwa nayo. Nikaenda nyumbani, nikachukua ya mama yenu."

Latrice akaweka sahani chini.

"Mwaka ule anaumwa, alikuwa anachekeshwa na watu wawili tu. Nesi wake, na yule mpumbavu akikata viuno. Mimi nikamchomea jezi. Hakuniambia neno. Mwezi wa nne tukamzika."

Nikamuuliza kwa nini basi amemtukana Ruskin miaka yote hii.

"Ningemtukana nani? Jezi niliichoma mwenyewe."

Nilimshika bega. Hatukuwahi kushikana hivyo, hata msibani. Mbavu ziliungua upande mmoja na tukazila hivyohivyo.

Somo langu ni dogo. Ukimwona mtu ana hasira ya miaka kumi na miwili na mchezaji ambaye hajawahi hata kumpa mkono, achana na takwimu. Muulize siku ile nyumbani kwake kulikuwa na nini.