Daftari la Babu Liliishia Mtoni

Daftari la babu lilinuka ndizi mbivu. Alilificha ghalani, chini ya majani makavu tuliyoivishia ndizi, kwa sababu nyumbani kwetu Manga karatasi iliyoachwa wazi ilikuwa ya kuwashia moto. Babu alipigana Burma katika jeshi la Mwingereza, na uzeeni akaamua kuandika mambo ya vita. Macho yake yalipoingia ukungu, likizo moja ya Agosti akanichagua mimi nimwandikie. Nilikuwa darasa la sita, ndilo la mwisho nililosoma, lakini kwa mwandiko hakukuwa na mtoto wa kunifikia ukoo mzima. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi Nyansiongo na nyumba ya ghorofa, na huwaambia watu kwamba hakuna aliyenishika mkono.

Kila siku, majani ya chai yakishapelekwa kituoni kupimwa, tuliketi barazani, yeye akisema, mimi nikiandika. Nilimchokoza kwa maswali, maana kwetu mjukuu na babu hutaniana: mvua ya huko ilikuwaje, walikula nini, aliogopa? Alinijibu kwamba biskuti za jeshi zilikuwa ngumu kama kichwa changu. Lakini kila tulipofika kwenye mto mmoja, yeye na rafiki yake Onchari wakivuka huku risasi zikilia, alisema, "Hapo tuache." Onchari hakurudi. Watu wake hawakuwahi kuambiwa kama alikufa, kwa hiyo hakuna mtoto aliyepewa jina lake. Kwetu jina la mtu aliye hai halirithishwi. Hamu ya kujua ilinikosesha raha. Siku moja nikamalizia mwenyewe: babu anambeba Onchari mgongoni, anamfikisha ng'ambo, Onchari anakata roho, babu anamzika kwa maombi. Niliona nimeandika vizuri sana.

Jumamosi, siku yetu ya Sabato, baada ya kanisa, alikuja dada yake Onchari, bibi mmoja aliyeitwa Kemunto. Mjukuu wa kiume alikuwa amezaliwa kwao, naye alitaka kujua, kabla hajafumba macho, kama jina la kaka yake lingeweza kurudi nyumbani. Babu akaniambia nimsomee. Nadhani alitaka niishie mtoni, kisha aendelee yeye. Mimi nikasoma hadi mwisho, kwa sauti ya mhubiri. Kemunto akajifuta machozi kwa leso.

"Kumbe alizikwa," alisema.

Babu akalifunga daftari mikononi mwangu. "Dada, huyu mtoto ametunga. Sikumbeba. Alininyooshea mkono, nikakimbia. Nilipogeuka, maji yalikuwa yanamchukua. Amekufa. Mpeni mtoto jina."

Kemunto hakumtazama. Alikaa hadi uji wake ukapoa. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe mwenye mwandiko, andika hivyo alivyosema."

Nikaandika. Yule mtoto akaitwa Onchari, na leo ni mwashi anayenunua simiti kwangu. Siku hizi nami namsimulia binti yangu maisha yangu, ayaandike kwenye simu, kwa maana mtu aliyefika nilipofika hastahili kusahaulika. Juzi Onchari alinikuta dukani nikimsimulia kwamba nilianza na mikono mitupu. Anajua vizuri jina lake lilikotoka. Akacheka, akaniuliza, "Mzee, umefika mtoni?"

 Nikamwambia binti yangu afute, aandike kwamba kaka yangu aliuza ng'ombe wake wa pekee ili nifungue duka, na alipougua akaniita, sikwenda.