Ghala la Katani Lageuka Nyumba ya Mama

Saa moja asubuhi, Masanze, wilayani Kilosa. Nyundo ya Beda Stefano imekwisha kuanza kugonga. Amekaa kitako kwenye kifusi cha ghala la katani lililobomolewa mwaka jana, 1974, anavunja zege la zamani kuwa kokoto. Vumbi limemjaa hadi kwenye kope.

“Mlowezi alimwaga zege hili liwe sakafu ya katani,” anasema bila kuinua macho. “Mimi nataka liwe ukuta wa mama.”

Kokoto hizo huchanganywa na saruji na mchanga wa mtoni, kisha hushindiliwa kwenye kalibu ya mbao kupata matofali. Saruji yenyewe ni ya kutafuta kwa tochi, hilo wasomaji mnalijua, na kila mfuko unaofika hapa hujadiliwa mkutanoni.

Mama yake huyo mzazi, Bibi Regina, anaishi jirani na kifusi, kwenye kibanda cha nyasi. Watu walipohamia kijiji cha ujamaa, yeye aligoma kuacha shamba lake ng'ambo ya mto. Beda ndiye aliyembembeleza, akamwahidi nyumba ya matofali kabla ya masika.

Mwandishi anampa shikamoo.

“Marahaba. Umekuja kuona nyumba za maneno?” anajibu. “Mvua ikinikuta humu, narudi kwangu. Na asinifuate mtu.”

Bibi ana haki ya kununa. Matofali ya kwanza yalimwagiwa maji kivulini wiki nzima, lakini Beda alipoinua moja, lilimomonyoka mikononi kama kiporo cha ugali. Maneno yakaenea kwamba zege likishavunjwa limekufa, halishiki tena. Mkutano ukampa mifuko miwili zaidi ya saruji. Akiiharibu na hiyo, iliyobaki yote iende shuleni.

“Nilikosa usingizi,” anasema Beda. “Saruji si kitu. Nilimwona mama ameanza kukunja mikeka yake.”

Aliyegundua kosa ni mkewe, Teresia, alipokwenda kuzoa matofali yaliyoharibika akakuta sisimizi wamejipanga juu yake.

“Nikamwambia, Baba Tomasi, tangu lini sisimizi wakala saruji?” anasimulia huku akicheka.

Wakaliendea pipa la maji waliyochanganyia saruji. Ni pipa zuri la chuma, lililoletwa na lori kutoka kiwanda cha sukari upande wa Ruaha, ambako lilibeba molasi. Walikuwa wamelisuuza mara moja wakaona yatosha. Beda alipokwangua ndani kwa kijiti, ukatoka utando mweusi, mtamu. Saruji ikiingiwa na sukari haigandi, lakini pipa zima Masanze ni mali, nani angelikataa?

Safari ya pili maji yalichotwa mtoni kwa madebe.

Leo matofali hayo yamekomaa. Beda anainua moja hadi kifuani, analiachia. Linatua kwa kishindo, zima. Bibi Regina anasogea, anainama, analigonga kwa kidole.

Ukuta unaanza Jumatatu. Kifusi kilichobaki, Beda anakadiria, kitatosha nyumba za majirani kadhaa, na yake mwenyewe itakuwa ya mwisho.

“Mimi na Teresia tutalowa masika haya,” anasema. “Si neno.”

Alipohama, Bibi Regina alikataa kubeba jiwe lake la kusagia. Alisema atalikuta hukohuko atakaporudi. Sasa anamgeukia mwanawe.

“Jioni nenda ng'ambo ukaniletee jiwe langu,” anamwambia. “Chukua mtu akusaidie, ni zito.”