Merikani ya Salale

Juzi, kwenye duka la vitambaa Kibiti, nilimkuta mama mmoja mtu mzima akinunua merikani ya sanda yake, aiweke tayari kama walivyofanya wakubwa zake. Alisema vita vya Maji Maji vilimkimbiza bibi yake mpaka kwenye mikoko ya Salale. Akajifungua huko, akamfunika mtoto kwa sanda ya merikani aliyojiwekea.

"Mtoto huyo ndiye mama yangu."

Mwalimu wa historia, nyuma yake, akamwambia pamba ya merikani ya zamani hizo ililimwa na watu weusi wa Marekani, waliotolewa utumwani na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko.

Mama akaipapasa merikani. "Na sisi Mjerumani alitulimisha pamba kwa kiboko. Kwenye hitima ya bibi nitawaombea na wao, pamba yao ilimsitiri mama yangu."

"Majina yao hatuyajui, mama."

"Mungu anawajua, mwalimu."

Mtihani wangu wa historia ya Marekani uliuliza sababu za vita hivyo vya huko. Haukuuliza nani wa kushukuriwa.