Hesabu ya Mwezi Ilikuwa Yake

Hekaluni alijulikana kama binti wa Mzee Kalenda. Kwenye kiwanda cha uchapaji, alikofanya kazi ya kupanga kurasa kabla hazijachapwa, walimwita Miwani tu, maana vioo vyake vilikuwa vinene kama vitako vya chupa. Majina yote mawili alishayazoea. Jambo ambalo hakulizoea ni kuambiwa anyamaze.

Kwa miaka thelathini baba yake ndiye aliyewahesabia Wahindu wa mji ule siku zao: lini mwezi unaandama, lini unapevuka, lini ziwashwe taa za sikukuu, na lini ni Ekadashi, ile siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi, ambayo watu hufunga wasiguse nafaka wala kunde. Wasichokijua watu ni kwamba miaka sita ya mwisho mzee alikuwa haoni hata mistari ya daftari. Binti ndiye aliyehesabu, mzee akisikiliza na kuitikia kwa kichwa.

Mzee alipofariki, kaka mkubwa wa Miwani, mwenye duka la vioo, akachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya hekalu. Hata viti vya msiba havijapoa, akaagiza kalenda iliyokwishatengenezwa kutoka nchi ya mbali, upande wa mashariki, walikokuwa jamaa zao.

"Imepigiwa hesabu na kompyuta," alisema kwa mbwembwe. "Sisi ni nani tuikosoe?"

Ikasadifu kwamba kalenda hiyo ilipelekwa kiwandani kwa kina Miwani ichapwe upya. Alipoipitia, kalamu mkononi, akakwama mwezi wa tatu. Kalenda ilisema watu wafunge Jumatano. Akatoa daftari lake. Kwa hesabu yao, siku huchukua ile tarehe ya mwezi ambayo jua likichomoza huikuta. Siku ya kumi ya nusu ile ya mwezi ilikuwa inakwisha Jumanne, saa kumi alfajiri. Kule mashariki jua lingekuwa limeshachomoza, kwa hiyo Jumanne yao ilianza na siku ya kumi, na kufunga kukasogea hadi Jumatano. Lakini huku jua lilikuwa bado saa mbili na zaidi lichomoze. Likichomoza, litaikuta siku ya kumi na moja imeshaingia. Huku ni Jumanne, hakuna mjadala. Akaendelea kupekua, akapata tarehe nyingine tatu za namna hiyo hiyo.

Akaenda kwa bosi wake.

"Dada, mteja kaleta kazi, sisi tunachapa," bosi akamwambia. "Mwezi si wetu."

"Bosi, ningeliona neno limekosewa herufi, ungetaka ninyamaze?"

"Neno ni neno. Huu ni mwezi."

"Basi mpe mwingine. Mimi siipangi."

Bosi akameza hasira yake. Hakuwa na mpanga kurasa mwingine mwenye jicho kama lile. Kazi akapewa jirani yake wa meza ya pili.

Jumapili Miwani akasimama mbele ya kamati, wanaume saba na chai yao. Akaeleza kila kitu, hesabu juu ya hesabu. Wawili wakaangalia simu. Mweka hazina akacheka puani.

"Kwa hiyo kompyuta haijui, wewe unajua?"

"Kompyuta inajua sana. Imeulizwa jua la kwao, ikajibu la kwao. Hakuna aliyeiuliza la kwetu."

Kaka yake akakunja uso. "Dada, usitake kujikweza kwa jina la marehemu baba."

"Kaka, sigombanii jina la baba. Miaka sita mmefunga na kufungua kwa mkono wangu huu. Nani aliugua? Nani alilalamika?"

Mtu akakohoa, wakahamia ajenda ya mabomba. Miwani akatoka machozi yakimlengalenga, lakini hayakudondoka, aliyakataza.

Jumatatu akamwomba bosi vipande vya karatasi vinavyobaki baada ya kukata. Saa ya chakula cha mchana akapanga ukurasa mmoja wenye tarehe zote za mwaka, akachapa nakala hamsini, akabandika moja mlangoni mwa hekalu. Kesho yake imechanwa. Akabandika nyingine. Ikachanwa. Mara ya tatu akasimama pale pale, mikono kiunoni, akangoja aone nani ana ubavu. Hakuja mtu.

Mama yake, aliyeishi kwa kaka, akampigia simu. "Mwanangu, mnanichanganya. Nimfuate nani?"

"Mama, fuata jua linalokuchomozea dirishani."

Ilipofika Jumanne ile ya mwezi wa tatu, Miwani alifunga kwa maji na ndizi mbili, akafanya kazi kutwa nzima. Saa saba wifi yake akampigia, anacheka huku ananong'ona. "Mama kasukuma sahani mbele ya mwanawe. Kamwambia, 'Leo nimefunga, ondoeni mikate yenu.' Kaka yako kabaki mdomo wazi!"

Jioni hekaluni aliwakuta wanawake kumi na tisa waliofunga. Jumatano kamati nayo ikafunga, kwa ukaidi wao.

Mwaka ulivyokwenda, kumi na tisa wakawa nusu ya hekalu. Kamati ikaona aibu. Kaka akaja kiwandani, safari hii bila mbwembwe.

"Kalenda ya mwaka kesho tupigie hesabu wewe. Chini tutaandika, 'Kwa hesabu za marehemu Mzee Kalenda.'"

"Marehemu hakuhesabu mwaka kesho. Andika aliyehesabu."

"Wazee hawatakubali jina la mwanamke."

"Basi wakafunge na jua la kwa watu."

Akageukia mashine yake, akafungua ukurasa wa tarehe za mwaka kesho aliokwisha kuupanga, akaongeza mstari wa mwisho kwa herufi nene: jina lake lote, la kwanza hadi la ukoo. Akachapa nakala ya kusahihisha, akamsukumia.

Kaka akatoa kalamu, akailenga kwenye ule mstari.

"Ukiufuta huo," Miwani akasema, "futa na tarehe zote."

Kaka akasoma tena, taratibu, midomo ikicheza. Kisha akashuka hadi kwenye nafasi ya sahihi, akatia sahihi yake.

"Nakala ngapi?" Miwani akauliza.

"Mia tano."

"Njoo Alhamisi."