Pilau Iliyokosa Walaji Isevya

Mama yangu alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama kwa muda mrefu, hata majirani wengi hapa Isevya hawakumwita kwa jina lingine. Sokoni alikuwa Mama Mwenyekiti, msibani Mama Mwenyekiti. Ofisi yake ilikuwa chumba cha kupanga kando ya mashine ya kusaga, na ili mkutano uanze ilibidi mashine izimwe kwanza.

Kisha likaja jengo jipya. Lilipanda haraka, bati la bluu na vioo vya giza, na hakuna mwanachama aliyeombwa mchango hata wa tofali moja. Hilo ndilo lililoanza kuwatia watu shaka, maana sisi tumezoea kuchangishwa. Haikupita muda tukasikia kwamba viongozi wa juu walialikwa nje na kampuni ya kigeni iliyokuwa ikiutaka msitu wa upande wa Ulyankulu kwa ajili ya mbao. Walirudi na masanduku ya magurudumu ya rangi moja, kama wanafunzi wa shule moja. Watu wakawabatiza "wenye masanduku." Mimi nauza asali, na mizinga ya wajomba zangu imo katika msitu huohuo. Wao walikwisha kuikuta miti ya mininga imepigwa alama za rangi na watu wasiojitambulisha.

Nilipomuuliza mama, alisema, "Nimekwenda wilayani kuuliza. Wameniambia ni urafiki tu."

Aliendelea kuchambua mchele, lakini niliona anatupa hata punje nzima.

Siku ya ufunguzi maturubai yalifungwa, viti vikapangwa, na pilau ikapikwa kwa masufuria makubwa. Wageni wa kampuni waliketi mbele pamoja na wenye masanduku, mama yangu akiwa pembeni yao. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, wengine kwa baiskeli kutoka Kipalapala. Ila walisimama ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyeingia chini ya turubai.

"Karibuni, viti vipo!" mshereheshaji aliita. Muziki ukapigwa. Akaita tena. Hakuna aliyezomea wala kuinua bango. Walisimama tu, juani, wakitazama. Nilikuwa katikati yao. Nimeona watu wakinyamazishwa na polisi, na wakinyamaza kanisani, lakini sikuwa nimewahi kuona umati mzima umenyamaza kwa hiari yake. Mtoto mmoja alilia kwa harufu ya pilau, mama yake akamvuta kifuani. Hata mimi njaa ilikuwa inaniuma.

Ndipo mama yangu akainuka, akavuka barabara. Alisimama mbele ya mzee mmoja muuza vitambaa, jirani yetu ambaye babu zake walitoka Oman.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Mwenyekiti."

"Mbona mmesimama juani? Chakula kiko tayari."

"Chakula tumekiona, mama. Tunamuuliza mwenye sufuria. Tukishakula chake, yeye atakula nini kwetu?"

Mama aliwatazama watu, akarudi alikotoka. Nilidhani anakwenda kuketi. Badala yake alikichukua kipaza sauti mkononi mwa mshereheshaji.

"Nimetumwa na wenye tawi," alisema. "Jengo hili amelijenga nani, na ameahidiwa nini?"

Kiongozi mmoja alimwinamia kumnong'oneza, lakini sote tulimsikia kwenye spika: "Mama, si mahali pake hapa."

"Wilayani nilikuja, mkaniambia urafiki. Basi niulizie wapi?"

Kipaza sauti kikazimwa. Mama akakiweka mezani, akachukua mkoba wake, akavuka tena barabara na kusimama upande wetu. Watu hawakupiga makofi. Walisogea wakampa nafasi, na mzee yule akavua kofia yake. Nilimtazama yule mwanamke niliyemzoea jikoni, nikaona kama namwona kwa mara ya kwanza. Viongozi walikata utepe wenyewe kwa wenyewe.

Jioni, tulipokuwa tukila ugali, nilimuuliza kama hakuogopa.

"Niliogopa mno," alisema. "Nilipokuwa navuka mara ya kwanza, nilidhani hawataitikia salamu yangu."

Alivuliwa uenyekiti kwa simu fupi. Kama rushwa ilitolewa au la, hatujaambiwa mpaka leo. Wale waliotia miti alama hawajaonekana tena msituni, ingawa wajomba wanasema kutoonekana si kuondoka. Wanachama wengi wamerudisha kadi. Mama hajarudisha yake. Mimi ningerudisha, na nimemwambia hivyo zaidi ya mara moja. Husema bado anasubiri jibu, na kwamba akitoka, watasema swali liliulizwa na mtu wa nje.